Nguo ya Picha ya Mwisho

Mwalimu Pindo alikuwa akisema haogopi kufa. Anachoogopa ni kufa halafu shemeji yake ashike simu. Alisema hivyo mbele za watu, na mbele ya shemeji mwenyewe, mdogo wa marehemu mumewe, ambaye alicheka akidhani anataniwa. Kutaniwa wapi! Huyu mama hakuwa na utani wa kumgawia mtu bure.

Jina la Pindo alibandikwa na wanafunzi. Alifundisha sayansi kimu katika shule ya wasichana mpaka akaota mvi, mapishi kidogo na ushonaji mwingi, na kila asubuhi alisimama langoni na rula ya mbao kupima pindo la sketi lilivyo mbali na goti. Msichana aliyeshona pindo kwa kulipua alirudishwa nyumbani, hata iwe siku ya mtihani. Wazazi walilalamika. Mkuu wa shule naye akamwita ofisini. Mwalimu Pindo akamtazama, akaona tai yake imeishia juu ya kitovu, akaona hakuna haja ya kubishana na mwanamume anayeshindwa kujifunga tai. Akageuka akarudi langoni.

Alipostaafu, rula aliiacha shuleni lakini jicho akaondoka nalo, na mahali jicho hilo lilipopata kazi zaidi ni misibani. Hakukosa msiba hata mmoja wa mtaani. Alifika, akatoa pole zake kwa kifupi, kisha akatafuta kiti cha kuonea vizuri picha ya marehemu. Maana siku hizi hakuna anayeagwa bila picha kubwa ndani ya fremu, imesimamishwa pale mbele karibu na jeneza, na picha hizo zilikuwa zinamtia kichefuchefu. Huyu amekatwa kutoka kwenye picha ya harusi ya watu, sikio la jirani limebaki shavuni kwake. Yule amekuzwa kutoka kwenye kitambulisho, anawakodolea macho waombolezaji kama mtu aliyekamatwa ugoni. Mama mmoja muuza samaki, aliyelea watoto nyumba nzima kwa jasho lake, aliagwa akiwa amevaa fulana ya kutangaza sabuni ya unga. Watoto wote wale wana simu, kutwa kucha wanapiga picha sahani za chakula, na hakuna aliyewahi kumwambia mama yake avae vizuri, akae kitini, apigwe picha ya maana. Mwalimu Pindo alirudi nyumbani kutoka kwenye msiba ule akiwa amewadharau wote, wafu kwa walio hai.

Lakini kilele cha upumbavu kilikuwa msiba wa mumewe mwenyewe.

Mumewe alikuwa fundi bomba, mtu wa ovaroli na mikono yenye grisi, mtu ambaye ukimwonyesha tai alijikuna shingo kama ameumwa na siafu. Kupigwa picha hakupenda. Alipofariki ghafla na nyumba ikajaa watu, ikatafutwa picha, haikupatikana. Ndipo shemeji akasimama, akapandisha suruali, akasema, "Shemeji, hilo niachie mimi." Na yeye kwa ujinga wa siku ile, kichwa kimevurugika, akamwachia.

Shemeji alichukua kichwa. Alikitoa kwenye picha iliyopigwa kazini, kofia ya ujenzi ikafutwa, kichwa kikapelekwa duka la kuchapisha kadi na picha, na huko kikavishwa suti ya kompyuta. Kompyuta ya duka lile ilikuwa na suti moja tu, ya buluu nzito, tai nyekundu, leso nyeupe mfukoni yenye ncha tatu. Mwalimu Pindo alikuwa anaifahamu suti ile vizuri. Alikuwa ameiona kwa mchinja nyama mstaafu, akaiona tena kwa mwenye nyumba wa nyuma, na leso ilikuwa ile ile na ncha zake zile zile. Sasa ikamfikia mume wake. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Hawakujua kwamba ipo siku hata marehemu ataazimishwa.

Hayo angeyavumilia. Ila kichwa cha mumewe kilikuwa kimeelekea kulia na suti imeelekea kushoto, kwa hiyo yule mtaalamu wa duka aliigeuza suti ili shingo ikutane na kola. Suti ilipogeuzwa, vifungo navyo vikahama vikakaa upande wa kike. Hotuba zikasomwa, watu wakalia, wengine wakazimia na kupepewa, na yeye ameganda kwenye kiti cha mbele anatazama vifungo. Mwanamume aliyelala naye kitanda kimoja ujana na uzee alikuwa anaagwa na koti la kike, na katika umati wote ule hakuna aliyeona isipokuwa yeye. Hakutoa chozi. Watu wakasema ana moyo wa jiwe. Moyo wa jiwe hakuwa nao. Hasira ilikuwa imemkausha macho, na hilo la kunyimwa kumlilia mume wake hajamsamehe shemeji mpaka leo.

Basi, mwaka huu akaanza kuumwa na tumbo. Akapimwa, akaambiwa kuna uvimbe, lazima utolewe, alazwe wiki ijayo. Daktari aliyemwambia hayo alikuwa bado na mashavu ya utoto, na kifungo cha pili cha koti lake jeupe kilikuwa kimeshikizwa kwa pini ya stepla. Mwalimu Pindo alisikiliza maelezo yote huku akiitazama ile pini.

"Usiwe na wasiwasi, mama," daktari akasema. "Ni upasuaji wa kawaida. Tunaufanya kila siku."

"Hata vifungo hushonwa kila siku," akamjibu, akachukua mkoba wake akatoka.

Nje ya hospitali alisimama kwenye ngazi. Aliogopa. Mtu aliyeshindwa kushona kifungo ndiye atakayemshona tumbo, na akikosea, kesho yake shemeji atapandisha suruali na kusema, "Niachieni mimi." Picha za Mwalimu Pindo akiwa peke yake hazikuwepo. Zilikuwepo za shule, amesimama pembeni ya wanafunzi, kichwa ukubwa wa njegere. Akaiona suti ya kompyuta ikimsubiri, na safari hii ikigeuzwa vifungo vitakuwa upande wake halali, na huo ndio utakuwa msaada pekee. Pale pale kwenye ngazi akaamua kwamba kabla ya kulazwa atakwenda kwa mpiga picha wa kweli, mwenye taa na mapazia, avae nguo aliyoichagua mwenyewe, aache picha ambayo hakuna mpumbavu atakayehitaji kuigusa.

Kesho yake akamwita mdogo wake amsaidie kuchagua. Kwa maneno yake, alimwita kushika kioo.

Mdogo wake alikuwa mpishi wa kantini ya kiwanda, mwanamke mnene wa kucheka ovyo, ambaye tangu utotoni nguo zilimvaa yeye badala ya yeye kuzivaa. Siku hiyo alifika na blauzi ya maua juu ya sketi ya mistari, na zipu ya sketi, iliyopaswa kukaa ubavuni, ilikuwa imetembea ikaja mbele. Alikuwa ameomba ruhusa kazini, akaja kwa miguu, na jasho linamtiririka.

"Umevaa ukiwa gizani?" Mwalimu Pindo akamwuliza hata kabla ya kumkaribisha.

"Shikamoo, dada," mdogo wake akasema.

"Marahaba. Nawa mikono kwanza, usije ukanishikia nguo na mafuta ya kantini."

Mdogo wake akanawa, akarudi akijifuta kwenye sketi. "Haya, dada. Umesema picha ya msiba. Msiba wa nani?"

"Wangu."

"Kwani umeshakufa?"

"Ningekuwa nimekufa ningekuwa nachagua nguo? Fungua kabati."

Mdogo wake alitaka kulia, akajizuia, maana kulia chumbani kwa Mwalimu Pindo kulihitaji kibali. Akafungua kabati. Nguo zilikuwa zimepangwa kwa rangi, kila moja na mfuko wake wa nailoni, na katikati ya hanga na hanga pana nafasi ya kupitisha kiganja.

Akatoa nyeusi. "Hii si ndiyo ya msiba?"

"Nyeusi huvaa waliobaki. Mimi nitakuwa naomboleza nini, nami ndiye niliyekwenda?"

Akatoa nyeupe yenye lesi shingoni.

"Nikivaa hiyo nitaonekana nimeshafika. Rudisha."

Akatoa gauni la zambarau lililojaa shanga na vipande vya kumetameta, zawadi ya mke wa mwanawe wa pekee. Mdogo wake akalipenda, akajipachika nalo kifuani mbele ya kioo.

"Hilo aliniletea mkwe wangu," Mwalimu Pindo akasema. "Aliliona dukani, akasema, nimeliona nikakukumbuka, mama. Nikajiuliza, alikumbuka nini hasa? Taa za barabarani? Niwekwe mbele ya jeneza na hilo, watu wataanza kucheza."

"Lakini ana nia njema, yule mtoto."

"Nia njema haishoni. Geuza uone nyuzi zinavyoning'inia. Limeshonwa na mtu aliyekuwa anawahi basi."

Ikaja suti ya kijivu, sketi na koti, safi kabisa. Mdogo wake akasema hiyo sasa ndiyo yenyewe. Mwalimu Pindo akaipapasa begani akakubali kwamba haina kosa. "Ila hii nilivaa siku ya kuagwa kazini. Walinipa saa ya ukutani isiyotembea na mkuu wa shule akasoma jina langu vibaya. Sitaki kuagwa mara mbili na nguo moja. Iweke pembeni, tutaibeba ya akiba."

Mwisho kabisa wa kabati palikuwa na mfuko wa kitambaa, na ndani yake gauni la kijani kilichokolea. Alilishona mwenyewe, zamani kidogo, macho yakiwa bado yanapitisha uzi bila kukosea: mikono mirefu, kola ndogo iliyosimama, bitana ya hariri, pindo limeshonwa kwa mkono usiione sindano ilipopita. Lilikuwa gauni la heshima. Halikuwa limevaliwa hata siku moja, kwa sababu hakuna shughuli iliyowahi kulistahili. Siku ya harusi ya mwanawe alilitoa, akalipiga pasi, akatoka kuwaona wakwe walivyokuja wamevaa, akarudi ndani akaliweka mahali pake na kuvaa la kawaida.

"Dada," mdogo wake akasema polepole, "hili unalo tangu lini?"

"Acha kulishika kama unakanda unga."

Akalivaa. Mwili ulikuwa umepungua kwa ugonjwa, akashona mishono miwili ya haraka kiunoni kwa ndani, haraka ya kwake, ambayo kwa fundi mwingine ni kazi ya asubuhi nzima. Akajitazama kwenye kioo kuanzia shingo kushuka. Siku zote alijitazama hivyo, kuanzia shingo kushuka, kwa sababu kola na mabega ndiko makosa yanakojificha. Makosa hakuyaona. Kwa mara ya kwanza tangu atoke kwa daktari, roho ikamtulia.

Wakatoka kwenda studio, mkubwa mbele na mwavuli, mdogo nyuma na mfuko wa suti ya akiba. Mtaa wote ulikuwa umevaa vibaya kama kawaida yake. Bwana mmoja alipita na koti jipya, lebo ya kiwandani imebaki imeshonwa juu ya mkono, anaionyesha kwa fahari kama nishani. Msichana akapita na sidiria nje ya blauzi. Duka la nguo lilikuwa na masanamu yasiyo na vichwa dirishani, na Mwalimu Pindo akasema afadhali hayo, hayana kichwa na yanajua hayana.

"Dada, watakusikia," mdogo wake akasema.

"Wasikie. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini hawa wanahitaji kuambiwa."

Studio ilikuwa ghorofani, juu ya duka la dawa. Mpiga picha alikuwa mwanamume wa makamo, tumbo linaanza kutangulia, na suruali yake ya jinzi ilikuwa imechanika magoti yote mawili. Mwalimu Pindo alidhani ameanguka kwenye ngazi. Alipoambiwa na mdogo wake kwa kunong'onezwa kwamba suruali inauzwa hivyo hivyo ikiwa imechanika, alifumba macho kidogo. Ukutani kwenye msumari palining'inia koti jeusi la kiume, tai imeshafungwa kabisa ndani yake, kola inang'aa kwa jasho la shingo za watu.

"Hilo ni la nani?"

"La wateja, mama. Wanaokuja kupiga picha za pasipoti bila koti."

"Hufuliwa lini?"

Mpiga picha akajitia anahangaika na waya. "Picha yako ni ya matumizi gani, mama? Ya kazini? Ya siku ya kuzaliwa? Nijue pazia la kuweka. Ninalo la maporomoko ya maji, ninalo la maktaba."

"Ya kuwekwa karibu na jeneza."

"Pole sana. Jeneza la nani?"

"Mbona leo kila mtu ananiuliza swali moja? Langu. Na maporomoko ya maji sitaki, mimi sikufa maji. Weka kitambaa kitupu cha kijivu, na kama kina makunyanzi kipige pasi."

Mpiga picha alimwangalia mdogo mtu kutaka kujua kama haya ni mzaha. Mdogo mtu akatikisa kichwa. Basi akashusha kitambaa cha kijivu, akawasha taa, akaleta kiti. Mwalimu Pindo akakaa, akalinyoosha gauni pajani, akaipanga mikono. Alipanga kila kitu yeye mwenyewe: taa isogee, isiue rangi, kamera ishuke, isimpige puani, kiti kigeuzwe kidogo, bega la kushoto lionekane lilivyokaa. Mpiga picha alitii kila neno, na kwa kutii huko alizidi kudharauliwa.

"Sasa legeza uso, mama."

"Uso una nini?"

"Hauna kitu. Legeza tu. Tabasamu kidogo."

"Sitangazi dawa ya meno. Piga."

Akapiga. Akapiga tena na tena, akizunguka, akichuchumaa, magoti yake yakichungulia kwenye matundu ya suruali. Kisha akawaita waje waone kwenye kompyuta.

"Nguo haina neno," mpiga picha akasema, na alikuwa anasema kweli. Mwalimu Pindo akavaa miwani, akainama kwenye kioo cha kompyuta. Kola imesimama, mabega yametulia, rangi haijafa, bitana haichungulii popote. Akaridhika. Aliridhika kwa muda wa kumeza mate, kisha macho yakapanda juu ya kola.

Uso uliokuwa pale ulikuwa umebenua mdomo upande mmoja. Pua imevimba kidogo. Macho yanamtazama anayetazama kama kitu alichokikanyaga njiani na sasa kimeganda kwenye soli.

"Umenipiga vibaya," akasema.

"Tuangalie nyingine."

Nyingine ilikuwa hivyo hivyo. Iliyofuata vile vile. Akapekua zote, na mwanamke yule akawa anamfuata kutoka picha hadi picha na mdomo wake ule ule. Mwalimu Pindo akasema ni taa. Taa zikahamishwa. Akasema ni gauni limembana shingoni, jambo ambalo halikuwa kweli, naye alilijua si kweli maana alilishona yeye. Akaenda nyuma ya pazia, akavaa suti ya kijivu, ile ile ya kuagwa aliyokataa kuagwa nayo tena. Akarudi akakaa. Safari hii akaamua kufikiria jambo zuri. Akamfikiria mjukuu wake. Mjukuu akamjia akilini na kaptula yake, kaptula ikamjia na mshono wake wa ubavuni uliopinda, na kamera ikalia.

"Fikiria kitu unachokipenda, mama," mpiga picha akasema.

"Nafikiria!"

Mdogo wake akasimama nyuma ya kamera, akavuta masikio, akatoa ulimi, akacheza na matako yake makubwa kama walivyokuwa wakifanya wakiwa watoto. Mwalimu Pindo alitaka kucheka. Alihisi kabisa kicheko kikipanda, joto kifuani, na akaamini kwamba sasa kimefika usoni. Alikuwa na furaha wakati ule, kama kuna mtu anataka kujua. Kamera ikalia mara nyingi.

Wakarudi kwenye kompyuta. Alianza na zile za mwisho, za kicheko. Mwanamke wa kwenye kioo alikuwa anamtazama mtu fulani nyuma ya kamera kwa dharau ambayo huwezi kumtazama nayo hata mbwa aliyeingia jikoni, na mtu huyo, Mwalimu Pindo alijua, alikuwa mdogo wake anayemchezea.

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Uso haukubadilika. Miaka yote alidhani anatazama tu. Hakujua kwamba wakati yeye anatazama nguo za watu, uso wake ulikuwa unazungumza nao, na umekuwa ukizungumza bila kupumzika, sokoni, langoni, mezani, kitandani. Aibu ikampanda, aibu ya kweli, ile inayochoma masikio. Hii ndiyo itasimama karibu na jeneza. Watu watapanga foleni kutoa heshima za mwisho, na marehemu atawatazama hivi mmoja mmoja.

Mpiga picha alikuwa mtu mwema kwa namna yake. "Mama," akasema kwa sauti ya chini, "usihangaike. Hili ni jambo dogo, nafanyia watu kila siku." Akaikuza picha mpaka ukabaki mdomo peke yake. "Nainua pembe hii kidogo, na hii kidogo. Macho nayalainisha. Linakuwa tabasamu, hakuna atakayejua."

Mwalimu Pindo akaitazama ile pembe ya mdomo.

"Inua," akasema.

"Usiinue, kaka," mdogo wake akasema.

Wote wawili wakageuka. Mdogo wake alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, bado anahema kwa kule kucheza, gauni la kijani amelikunja vizuri mapajani.

"Usiinue. Watu watakuja pale, wataona mama mmoja anatabasamu, watadhani wamekosea msiba. Watageuza warudi makwao."

Mpiga picha akacheka, akaona amecheka peke yake, akageukia kompyuta. Mwalimu Pindo akaitazama tena ile picha.

"Kwani niko hivi kila siku?" akauliza.

"Kila siku, dada."

"Hata nikiwa sina hasira?"

"Ukiwa na hasira ni afadhali. Inapita."

Mwalimu Pindo akashika ukingo wa meza. Chini barabarani mtu alikuwa anapiga honi bila kuachia, na hakuna aliyekwenda dirishani.

"Sasa nyinyi," akasema, na sauti ilimtoka ndogo, wala haikufanana na sauti yake, "nyinyi mnaishi vipi na uso kama huu? Mnauangaliaje?"

"Hatuuangalii," mdogo wake akasema. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama anavyomweleza mtu njia ya kwenda sokoni. "Tunaangalia nguo. Wewe unavaa vizuri, dada, mtu hakosi cha kuangalia. Uso ukija hivyo, mimi nashuka kwenye kola, natulia hapo hapo mpaka umalize kusema. Marehemu mumeo ndiye aliyenifundisha."